Kitabu Kinachojua Kuacha: Kuchagua Mwongozo wa Safari ya Ulaya na Watoto

Kila kitabu cha mwongozo wa safari kina msomaji wake. Kabla mwandishi hajataja hoteli ya kwanza, ameshaamua anaongea na nani: kijana mwenye begi mgongoni, mstaafu mwenye muda na fedha, mpenzi wa sanaa, au dereva aliyekodi gari. Ni nadra msomaji huyo kuwa baba na mama walioandamana na mtoto wa miaka minne anayetaka kubebwa na dada yake wa miaka tisa anayeuliza watakula saa ngapi. Ndiyo maana familia hununua kitabu kinachosifiwa kila mahali, ikakifuata ukurasa kwa ukurasa, na ikifika siku ya tatu wote wamenuna. Kitabu chenyewe huenda ni kizuri sana, ila kiliandikiwa mtu mwingine.

Swali la kitabu gani kinunuliwe kwa safari ya Ulaya na watoto hujibiwa mara nyingi kwa majina: hiki ni maarufu, hiki kina picha nzuri, hiki kimeuzwa sana. Majina yana maana yake, na hapa chini tutayapitia. Lakini kipimo kinachofaa ni kingine. Msafiri wa peke yake anaweza kuona mambo sita kwa siku. Familia yenye watoto wadogo ikiona mawili kwa utulivu imefanikiwa. Kwa hiyo kitabu kinachoorodhesha kila kanisa, kila kasri na kila mgahawa hakimpi mzazi msaada anaouhitaji zaidi, yaani kuambiwa kipi kinaweza kuachwa bila majuto. Mtaka yote hukosa yote, na anayesafiri na watoto huuona ukweli wa msemo huo kabla ya saa sita mchana.

Vilizaliwa kwa watu wasio na watoto

Mwaka 1836 John Murray wa London alichapisha mwongozo wake kwa wasafiri wa bara la Ulaya. Wakati huohuo Karl Baedeker, aliyeanzisha kampuni yake ya uchapishaji mjini Koblenz mwaka 1827, alikuwa anajijengea jina kwa vitabu vya bonde la Mto Rhine. Baedeker ndiye aliyeeneza mtindo wa kuweka nyota kando ya vitu vinavyostahili kutazamwa. Kwa msomaji wake, mtu mzima aliyesoma na mwenye wiki kadhaa mkononi, nyota zilikuwa msaada mkubwa. Lakini zilileta pia tabia ambayo haijatutoka: kuifanya safari kuwa orodha ya wajibu. Chenye nyota mbili lazima kionwe, hata kama miguu inauma.

Ndugu wawili, André na Édouard Michelin, walitoa mwongozo wao wa kwanza mwaka 1900 kwa sababu ya kibiashara isiyofichika. Walikuwa wanauza matairi, na dereva anayekwenda mbali huyamaliza haraka. Miongozo yao ya kijani, ambayo ndiyo ya utalii, bado hupima maeneo kwa nyota: tatu kwa mahali panapostahili safari yenyewe, mbili kwa mahali pa kuacha njia kuu upaone, moja kwa mahali penye mvuto. Mwaka 1957 Mmarekani Arthur Frommer, aliyewahi kuwa mwanajeshi Ulaya, alitoa kitabu cha kuzunguka bara hilo kwa dola 5 kwa siku, akawafungulia njia watu wa kipato cha kawaida. Mwaka 1973 Tony na Maureen Wheeler walianzisha Lonely Planet kwa kijitabu cha kuvuka Asia kwa gharama ndogo, na mwaka huohuo Wafaransa wakapata Guide du Routard. Mark Ellingham akaongeza Rough Guides mwaka 1982, akianza na Ugiriki. Msomaji wa vitabu hivi vya miaka ya sabini na themanini alikuwa kijana anayelala popote na kula chochote, na kwake treni ya usiku ilikuwa njia ya kuokoa kodi ya chumba.

Kisha waandishi wenyewe wakazaa. Mwaka 1985 Maureen Wheeler alichapisha *Travel with Children*, kitabu kilichokubali wazi kwamba mtoto hubadilisha mwendo wa safari nzima. Tangu hapo wachapishaji wengi wameweka sehemu ya familia katika vitabu vyao. Hata hivyo sehemu hiyo kwa kawaida ni nyongeza: sura moja, visanduku vichache, alama ndogo kando ya jina la hoteli. Mzazi anayeijua historia hii hashangai kukuta kitabu kinene cha nchi nzima kikiwa na kurasa chache tu za watoto, na kurasa zilizobaki zikichukulia kwamba unaweza kutembea kilomita nane bila kutafuta choo.

Makundi ya vitabu na tabia zake

Kundi la kwanza ni la vitabu vinavyotaka kueleza kila kitu. Lonely Planet na Rough Guides ndio wakongwe wa kundi hili. Nguvu yao ni upana: ukikwama katika mji mdogo wa Ureno ambao hukuupanga, inaelekea utaukuta humo, pamoja na kituo cha basi na mahali pa kulala. Rough Guides huongeza historia na siasa ya nchi, jambo ambalo mzazi atalifurahia usiku watoto wakishalala. Udhaifu wa kundi hili ndio uleule upana. Mzazi aliyesimama kona ya barabara na mtoto anayelia hana nafasi ya kulinganisha migahawa kumi na miwili.

Kundi la pili ni la vitabu vinavyochagua. Mfano wake mkubwa ni Rick Steves, Mmarekani ambaye kitabu chake cha kwanza kuhusu Ulaya kilitoka mwaka 1980. Yeye huacha nje miji mingi makusudi, na kila anachokiingiza hukieleza kwa kirefu: ushuke kituo gani, uingie mlango upi, ndani ya jumba upinde wapi, uishie wapi. Vivutio huvipanga kwa pembetatu, tatu kwa kile asichotaka ukikose. Vitabu vyake vya London, Paris na Rome vina sura za watoto, na hata zile zisizo za watoto humfaa mzazi kwa sababu mwandishi hasiti kusema kwamba mahali fulani pamepewa sifa kuliko panavyostahili. Anawashauri wasomaji wake wakichane kitabu na kubeba sura wanazozihitaji tu, ushauri ambao mtu aliyewahi kubeba mtoto begani pamoja na begi la nepi ataupokea kwa shukrani. Lakini ana mipaka yake: msomaji wake ni Mmarekani wa umri wa makamo, na nchi asizozipenda sana hazipati nafasi.

Kundi la tatu ni la vitabu vya picha, hasa vya DK vilivyoanza kutoka mwaka 1993. Sifa yao ni michoro ya majengo yaliyokatwa ukuta ili uone ndani. Mtoto wa miaka saba akiuona mchoro wa Colosseum, anaelewa mara moja kwamba chini ya uwanja kulikuwa na njia na vyumba walimofungiwa wanyama, jambo ambalo maelezo ya aya tatu hayamfikishii. Ubaya wake ni uzito, na kwamba picha hula nafasi ambayo ingejazwa na ratiba na nauli. Ni vitabu vya kusoma sebuleni mwezi mmoja kabla ya safari. DK waliwahi pia kutoa mfululizo maalumu wa familia, uliopanga mambo kwa namna ya busara sana: kila kivutio kilitajwa pamoja na mahali pa karibu pa watoto kukimbia, pa kula, na pa kujificha mvua ikinyesha. Toleo utakalolipata leo linaweza kuwa la zamani, lakini mpango wake bado ni kipimo kizuri cha kuvipimia vitabu vingine.

Kundi la nne ni la wataalamu. Blue Guides, zilizoanza London mwaka 1918, humweleza msomaji kila dirisha na kila nguzo ya kanisa. Michelin ya kijani inafaa familia inayozunguka kwa gari, kwa sababu nyota zake husaidia kuamua kama mchepuko wa kilomita thelathini una maana. Wasomaji wa Kifaransa, wakiwemo wengi wa Kongo, Burundi na Rwanda, wana Routard, ambayo bado inajali mfuko wa mtu wa kawaida. Walioko Ujerumani wanajua vijitabu vya Marco Polo, vyembamba na vyenye ramani ya kukunjua. Kwa mji mmoja wa siku tatu, chembamba chenye ramani mara nyingi kinatosha.

Kuna kundi la tano la kuepuka. Mwaka 2023 gazeti la The New York Times lilichunguza wimbi la vitabu vya safari vilivyokuwa vinauzwa Amazon, vikiwa na waandishi wasiojulikana, sifa za kununuliwa na maandishi yaliyoonekana kutungwa na kompyuta. Dalili zake ni rahisi kuziona: hakuna ramani, hakuna bei hata moja, hakuna anwani, na kila mji unaelezwa kwa sifa zilezile. Kitabu ambacho kingeweza kuandikwa na mtu asiyewahi kufika huko, kichukulie kwamba ndivyo kilivyoandikwa.

Mlango mmoja wa Pantheon

Tofauti ya vitabu huonekana vizuri ukichukua mahali pamoja na kuuliza kila kitabu kinampa mzazi nini. Tuchukue Pantheon ya Rome. Kitabu cha wasomi kitaanza na Agrippa, ambaye jina lake limechongwa mbele ya jengo, kisha kieleze kwamba jengo tunaloliona lilikamilika zama za mfalme Hadrian, karibu mwaka 126, na kwamba kuba lake lina upana wa mita 43 na kitu, sawa na urefu wa kutoka sakafuni hadi kileleni. Yote ni kweli, na mzazi atapenda kuyajua. Mtoto ameshaanza kuvuta mkono.

Kitabu kinachomjua mtoto kitaanza juu. Kuba lina tundu la mviringo lenye upana wa karibu mita tisa, na halina kioo. Mvua ikinyesha Rome, inanyesha ndani ya Pantheon. Je, maji huenda wapi? Hapo mtoto ana kazi: atafute sakafuni matundu madogo ya kupitishia maji, na aangalie jinsi sakafu ilivyoinuka kidogo katikati ili maji yateremke. Dakika kumi zitapita bila mtu kulalamika, na ndani ya dakika hizo mzazi anaweza kupenyeza habari za Hadrian na za mchoraji Raphael aliyezikwa humo.

Kitabu kizuri zaidi hakiishii hapo. Kitasema kwamba tangu Julai 2023 kuna kiingilio cha euro 5 kwa mtu mzima na kwamba walio chini ya miaka 18 hawalipi. Kitasema kwamba hatua chache nyuma ya jengo, katika uwanja wa Minerva, kuna tembo wa mawe aliyebuniwa na mchongaji Bernini, mwenye mnara wa Kimisri mgongoni, na kwamba watoto humpenda. Kitataja mabomba ya maji ya kunywa yanayotiririka mitaani mchana kutwa, ili usinunue chupa kila nusu saa. Kitaonya kwamba mawe ya barabara za kati ya Rome hutikisa kigari cha mtoto mpaka aliyelala aamke, na kwamba kitambaa cha kumbebea mtoto ni bora zaidi. Mama aliyezoea kumfunga mtoto mgongoni kwa kanga, kwa mara moja, yuko mbele ya kitabu.

Huu ndio mtihani wa kufanya dukani. Fungua ukurasa wa mahali ambapo lazima mtafika, uone kama mwandishi amewahi kusimama hapo akiwa na mtoto.

Umri hubadilisha kitabu

Familia ya mtoto wa mwaka mmoja na familia ya kijana wa miaka kumi na minne hazihitaji kitabu kimoja. Chini ya miaka mitano, shida kubwa ni njia. Katika treni za chini ya ardhi za Paris, ni laini namba 14 pekee yenye lifti katika vituo vyote. Kwingine mzazi hubeba kigari ngazi hadi ngazi. Huko London, ni karibu theluthi moja tu ya vituo unavyoweza kuvipita bila ngazi. Mabasi ya miji yote miwili yana nafasi ya kigari, na juu yake mtoto anaona mji. Kitabu kinachotoa maelekezo yote kwa treni ya chini ya ardhi bila kutaja namba ya basi hakikuandikiwa mzazi wa mtoto mdogo.

Kati ya miaka sita na kumi na moja ndio wakati wa dhahabu. Mtoto anasoma, anauliza, na gharama zake bado ni ndogo. Louvre, Prado, Rijksmuseum na makumbusho ya serikali ya Italia hayamtozi aliye chini ya miaka 18, hata akiwa ametoka nje ya Ulaya. London, mtoto wa chini ya miaka 11 anayesafiri na mtu mzima aliyelipa nauli hapandi kwa fedha katika treni za chini ya ardhi wala mabasi. Uswisi, wageni wenye pasi ya Swiss Travel Pass hupewa kadi ya familia inayowasafirisha bure watoto wao wenye umri wa miaka 6 mpaka wasiozidi 15. Pasi ya reli ya Eurail nayo inaruhusu hadi watoto wawili wa miaka 4 hadi 11 kwa kila mtu mzima bila malipo ya pasi, ingawa treni za kasi bado hudai fedha ya kukata kiti. Mambo haya huokoa mamia ya euro, na kitabu kisichoyaweka mahali pa wazi kimekugharimu zaidi ya bei yake.

Kuanzia miaka kumi na miwili, mtoto hataki tena kuitwa mtoto. Kisanduku chenye katuni ya pundamilia kinamkera. Huyu anafaa kupewa kitabu cha watu wazima na siku moja ya kuipanga mwenyewe. Hapo ndipo nyumba ya Anne Frank ya Amsterdam, ambayo wasimamizi wake huipendekeza kwa wenye umri wa miaka 10 na zaidi, inapopata maana. Kumpeleka mwenye miaka mitano ni kumchosha bure, na ngazi zile za mwinuko hazipitishi kigari.

Habari zinazooza

Kitabu cha karatasi huanza kuchakaa kabla hakijafika dukani, kwa sababu kati ya utafiti na uchapishaji hupita miezi mingi. Mwaka ulioandikwa kwenye jalada ni wa mauzo. Ukurasa wa haki miliki ndio unaosema ukweli zaidi. Mifano ya karibuni inatosha. Louvre ilikuwa euro 17, ikawa 22 Januari 2024, na tangu Januari 2026 wageni ambao si raia wala wakazi wa eneo la kiuchumi la Ulaya hulipa 32. Kwa wazazi wawili kutoka Nairobi au Dar es Salaam, hiyo ni euro 64 mahali ambapo kitabu cha mwaka 2024 kinasema 44. Venice ilianza Aprili 2024 kuwatoza wageni wa mchana katika siku maalumu, isipokuwa walio chini ya miaka 14. Kanisa la Notre-Dame la Paris, lililoungua Aprili 2019, lilifunguliwa tena Desemba 2024, na mwaka uliofuata kituo cha sanaa cha Pompidou kikafunga milango kwa ukarabati wa miaka kadhaa.

Kwa watoto, habari iliyooza huuma zaidi kwa sababu mtoto huchukua ahadi kwa uzito. Kwa miaka mingi vitabu vilimwahidi mtoto mifupa ya dainosa katika ukumbi mkuu wa Natural History Museum ya London. Tangu 2017 aliyening'inia hapo ni nyangumi wa bluu. Dainosa bado wapo katika jumba hilo, sehemu nyingine, lakini mzazi mwenye toleo la zamani atakuwa na maelezo ya kutoa mlangoni. Tena kuna nyumba ya Anne Frank: zamani ushauri ulikuwa kuwahi foleni asubuhi, sasa tiketi huuzwa mtandaoni tu, na hutolewa kila Jumanne kwa ziara za wiki sita mbele. Anayefuata kitabu kikuukuu atafika mlangoni na watoto wawili, ageuke arudi.

Kutokana na hayo inafaa kugawa kazi. Bei, saa za kufungua na tiketi, zitafute katika tovuti ya mahali penyewe wiki ile ile unayokata tiketi. Historia, mpangilio wa mitaa, tabia za watu na maoni ya mwandishi, hivyo vinadumu. Toleo la zamani la bei nafuu, au lililoazimwa maktaba, linafaa sana kwa kazi ya pili na ni hatari kwa kazi ya kwanza. Simu imechukua nafasi ya ramani na ratiba, lakini haijaweza kumwambia mzazi, kwa sauti ya mtu mmoja mwenye msimamo, kwamba jumba hili liacheni na mwende bustanini.

Pasipoti ambayo mwandishi hakuifikiria

Karibu vitabu vyote tulivyovitaja humchukulia msomaji kuwa raia wa Marekani, Uingereza, Australia au nchi ya Ulaya. Sehemu ya viza ni mistari michache inayosema utaingia bila taabu kwa siku 90. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo anaomba viza ya Schengen, ambayo tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi asiyefikisha 12; wa chini ya miaka 6 halipi. Lazima pia kuwe na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000 kwa kila mmoja.

Jambo hili linabadilisha kazi ya kitabu. Ombi hupelekwa ubalozi wa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, pamoja na ushahidi wa malazi na ratiba. Kwa hiyo familia ya kwetu inahitaji kitabu miezi kadhaa kabla ya safari, wakati wa kuamua siku ngapi wapi. Mwenzake wa Marekani anaweza kukisoma ndani ya ndege. Kitabu chenye mifano mizuri ya ratiba kina thamani kubwa zaidi kwetu kuliko kwa msomaji aliyekusudiwa. Tena vitabu hupenda kuunganisha London na Paris kwa treni ya takribani saa mbili na robo kana kwamba ni mtaa na mtaa. Uingereza haimo katika nchi 29 za Schengen, wala Ireland haimo. Familia ya watu wanne inayofuata ushauri huo imejiongezea maombi manne ya viza. Hapo kuacha ni akiba: chagua upande mmoja.

Misimu nayo. Shule za Kenya hufunga Aprili, Agosti, na kuelekea mwisho wa mwaka; za Tanzania hufunga Juni na Desemba. Wengi basi husafiri Desemba, mwezi ambao vitabu huugusa kwa aya moja. Wakati huo jua la London linatua kabla ya saa 10 jioni, na la Stockholm kabla ya saa 9 alasiri, kwa hiyo ratiba yoyote iliyopangwa kwa mchana wa Julai haina maana. Tarehe 25 Desemba treni za chini ya ardhi na mabasi ya London hayatembei kabisa. Masoko mengi ya Krismasi ya Ujerumani hufungwa ifikapo mkesha wenyewe. Anayekwenda Juni ana shida iliyo kinyume: Stockholm jua linatua baada ya saa 4 usiku, na mtoto aliyezoea giza la saa 1 hakubali kwamba ni wakati wa kulala. Agosti, maduka madogo na maduka ya mikate ya mtaani Paris hufungwa, wenyewe wakiwa likizo.

Chakula pia kinahitaji jicho. Mikahawa mingi ya Ufaransa hupika mchana kati ya saa 6 na saa 8 tu, na Hispania chakula cha usiku huanza saa 3, watoto wakiwa wameshalala mezani. Kitabu kinachokuonyesha soko, duka la mikate na nyumba ya kupanga yenye jiko kimekusaidia kuliko kinachosifia mpishi. Familia ya Kiislamu ikitafuta nyama halali itapata nafuu maeneo kama Whitechapel ya London, Belleville ya Paris au Neukölln ya Berlin. Vitabu vya jumla huyataja zaidi kwa masoko na starehe za usiku.

Kitabu cha mtoto mwenyewe

Mtoto naye anastahili kitabu chake. Mwaka 1959 mchoraji wa Kicheki Miroslav Šašek alitoa *This is Paris* na *This is London*, na mwaka uliofuata *This is Rome*. Vimechapishwa tena karne hii bila kubadilishwa maandishi. Yaliyopitwa na wakati yamewekewa maelezo mwishoni. Hilo ni funzo: kitabu cha bei huoza kwa mwaka, cha paka, askari na madaraja hudumu miaka sitini. Lonely Planet waliingia uwanja huu mwaka 2011 na mfululizo uliojitangaza kuwa haukuwa wa wazazi. Catherine Aragon ana vitabu vya mtindo wa *Mission Paris*, ambamo mtoto hutafuta vitu mtaani na kujikusanyia alama.

Hadithi nazo ni mwongozo. Msichana aliyesoma *Madeline* ya Ludwig Bemelmans, ya mwaka 1939, anafika Paris akiwa na kitu cha kutafuta. Aliyesoma *Heidi* ya Johanna Spyri hahitaji sababu nyingine ya kupanda mlima Uswisi. Mtoto mwenye lake la kutafuta hubebwa kidogo na huuliza vizuri.

Namna ya kukipima kabla ya kulipa

Fanya mambo manne. Tazama ukurasa wa haki miliki ujue utafiti ni wa lini. Fungua mahali mtakapofika na utafute ngazi, choo, kivuli na sehemu ya kukimbia. Soma ratiba ya siku moja aliyoipendekeza mwandishi, uhesabu vituo: vikizidi vitatu kabla ya chakula cha mchana, hakuwa na watoto. Mwisho, tafuta sentensi moja inayosema mahali maarufu fulani si pa lazima. Usipoipata katika sura nzima, mwandishi anakuachia kazi yote ya kuchagua.

Kwa familia nyingi zinazokwenda mara ya kwanza, hukumu ya uchambuzi huu ni hii: nunueni kitabu kimoja kinachochagua, cha nchi moja au miji miwili, kiwe toleo jipya, azimeni chenye picha mkisome nyumbani pamoja na watoto kabla ya kujaza fomu za viza, kila mtoto apate kimoja chake. Chenye kila kitu kinunuliwe na wale wanaozunguka mwezi mzima bila mpango. Wengine watakilipia, watakibeba, na watakisoma nusu. Na hicho mlichokinunua, kalamu ya kukata iwe karibu: jina mlilolifuta usiku mkiwa hotelini ni saa mbili za amani kesho yake, kwenu na kwa watoto.